Sungura wa mwezini aliyegeuzwa Serena: uzi wa majina ya anime kwenye Kiingereza

msoma_kanji (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kule kwenye uzi wa anime (katuni za Kijapani) bora watu wamechapana kurasa nzima kuhusu nani alimpa Mmarekani ruhusa ya kumwita Satoshi, yule kijana wa Pokémon, "Ash". Nimeona ugomvi huo tuuhamishie huku, maana una nyama kuliko zile orodha zenyewe.

Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kupiga ajue pa kupiga. Kubadili jina la mhusika hakuna ubaya. Ubaya ni kulibadili kabla hujajua lile jina lina kazi gani ndani ya hadithi. Yapo majina ya kutambulishana tu, hata ukiyabadili hakuna kinachoharibika. Yapo ya utani. Na yapo yaliyobeba fumbo, ukiyagusa leo, sehemu ya hamsini mtazamaji anabaki hoi.

Chukua Sailor Moon, anime ya wasichana mashujaa. Mhusika mkuu ni Tsukino Usagi. Wajapani hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo mtoto wa Tokyo akilisikia hivyo hivyo linavyotamkwa anasikia "tsuki no usagi", sungura wa mwezini. Kule Japani mwezi ukiwa mpevu mtoto anaonyeshwa sungura mle ndani, kashika mchi, anatwanga mochi, vitumbua vya wali, kwenye kinu. Hakuna asiyeijua. Mwaka 1995 kampuni ya DIC ilipoidabu, yaani kuitia sauti za Kiingereza, kwa ajili ya Marekani na Kanada, Usagi akawa Serena.

Tusiwaonee lakini. Serena hawakuliokota barabarani. Katika hadithi yenyewe Usagi ni binti mfalme wa mwezini aliyezaliwa upya, na jina lake la maisha yale ni Serenity. Wamekata mkia wa jina lililokuwemo tayari. Mwezi umebaki, sungura katoka. Mambo yangeishia hapo nisingefungua uzi.

Kasheshe ilianza alipotokea Chibiusa. Katoto ka nywele za waridi kanadondoka kutoka angani, kamefunga nywele mtindo uleule wa Usagi, kanamwelekezea bastola, na kakiulizwa jina kanajibu: Usagi. Ndiyo maana wakakaita Chibiusa, yaani Usagi mdogo. Tangu dakika ile mtazamaji wa Kijapani ana swali kichwani: huyu mtoto kwa nini ana jina la mhusika wangu? Jibu linakuja mbele sana. Ni mwanawe, katoka wakati ujao. Sasa kwenye dabu ya Kiingereza mtoto huyo anaitwa Rini. Serena na Rini. Hapo hakuna swali, hakuna tetesi, ni mtoto wa watu tu kaja kusumbua. Kidokezo ambacho mwandishi alikiweka hadharani kabisa, kwenye jina, kimefutwa.

Wenzake nao hivyo hivyo. Kwa Kijapani Utaridi ni nyota ya maji, Mirihi nyota ya moto, Mshtarii nyota ya mti. Sailor Mercury ni Mizuno Ami, na "mizu" ni maji. Sailor Mars ni Hino Rei, "hi" ni moto. Sailor Jupiter ni Kino Makoto, "ki" ni mti. Yaani msichana kabla hajabadilika kuwa shujaa, jina lake la ukoo limeshamtaja. Halafu unamwita Amy Anderson. Maji yako wapi kwenye Anderson?

Kampuni ya Viz walipoidabu upya kuanzia 2014 waliyarudisha majina yote.

Upande wa pili kuna kazi safi ambayo watu wanaitukana bila kuijua. Wale wezi wawili wa Pokémon, wa kundi la Team Rocket, wanaomkimbiza Pikachu, panya wa umeme wa Satoshi, kutwa nzima, kwa Kijapani ni Musashi na Kojirō. Miyamoto Musashi na Sasaki Kojirō walikuwa mafundi wa upanga, wakapambana kwenye kisiwa cha Ganryū mwaka 1612, na Kojirō akafia pale pale. Ukimwachia majina hayo mtoto wa Ohio hapati kitu. Mtafsiri akamchukua Jesse James, jambazi maarufu wa Marekani wa karne ya 19, akampasua katikati: Jessie na James. Walipokuja wezi wengine wa kundi hilohilo, Yamato na Kosaburō, akampasua jambazi mwingine, Butch Cassidy, wakawa Cassidy na Butch. Mtu huyu angekuwa jirani yangu ningempelekea sinia la pilau.

Na Satoshi? Amepewa jina la Satoshi Tajiri, aliyeibuni Pokémon. Mpinzani wake Shigeru kachukua jina la Shigeru Miyamoto wa Nintendo. Ni salamu za watu wa ofisini wenyewe kwa wenyewe, hadithi haizitegemei. Ash limeleta hata faida, kwa sababu Ash Ketchum kwa sikio la Kiingereza linasikika kama amri ya kudaka ("catch 'em"), na kudaka ndio mchezo wenyewe. Kasumi ni ukungu, akaitwa Misty, ukungu vilevile. Wanaomlilia Satoshi wanalia kwenye kaburi lisilo na maiti.

Haya, karibuni ukumbini.

Otaku wa Tandika

Mkuu umeandika vizuri ila umewatetea mno hao jamaa. Walikuwa hawapimi kazi ya jina wala nini, walikuwa wanaficha Ujapani. Kwenye Pokémon hiyohiyo Brock anashika onigiri, tonge la wali la pembetatu lenye kipande cheusi cha mwani, halafu anasema ni donati za jemu. Mtoto anauona wali kwa macho yake! Mtu anayeweza kukudanganya kuhusu wali ulioko mbele yako, jina la Takeshi, ndiye huyo Brock, lingesalimika vipi mikononi mwake?

Na haikuanza miaka ya 1990. Speed Racer iliingia Marekani mwaka 1967. Kwa Kijapani dereva anaitwa Mifune Gō. "Go" kwa Kijapani pia ni tano, na gari lake lina namba 5. Kwenye shati lake kuna herufi G kubwa, na kwenye boneti kuna M ya Mifune. Wamarekani wakambatiza Speed Racer, lakini picha huwezi kuzifuta. Kwa hiyo una kijana anaitwa Speed, kavaa G, anaendesha gari lenye M, na hakuna anayeshtuka.

Nyingine ya Yamato. Meli ya kivita Yamato ilizamishwa na ndege za Marekani Aprili 1945. Anime ya 1974 inaitoa chini ya bahari, inaipeleka anga za juu kuiokoa dunia. Ilipofika Marekani mwaka 1979 meli ikaitwa Argo na Kodai Susumu akaitwa Derek Wildstar. Usiniambie hapo kuna mtu alikaa akatafakari maana ya jina. Palikuwa na mtu wa biashara anawaza baba wa mtoto aliyepigana Pasifiki.

Ukisema hizo ni zama za kale, Doraemon ilivyopelekwa Marekani mwaka 2014 Nobita akaitwa Noby, Shizuka akaitwa Sue, Jaian akaitwa Big G. Mwaka 2014! Anime ya Naruto kashapita pale na Uzumaki wake, Kakashi wake na Orochimaru wake, watoto wa Texas wanayatamka yote bila kujing'ata. Nobita ndiye angewashinda?

bukavu_manga

Nawasalimia wote. Miye niko Bukavu, huku tuliangalia kwa Kifaransa. Kwa Wafaransa Usagi hakuitwa Serena, aliitwa Bunny. Bunny Rivière. Sasa Bunny ni neno la nani? La Waingereza, wanavyomwita sungura kwa kumbembeleza. Wafaransa wamekopa Kiingereza ili kumwokoa sungura, wenye Kiingereza chao wamemtupa. Msoma_kanji atufafanulie hiyo.

Ila na wao wasijidai. Saeba Ryō wa City Hunter walimgeuza Nicky Larson, na mpaka leo ukisema Ryō kwa watu wa rika letu wanakuangalia tu.

KaskaziMct

Assalaam alaykum. Niko Maskati. Huku Ghuba mtaje Tsubasa kwa mtu mzima aliyekua na televisheni ya Kiarabu, atakuuliza Tsubasa nani. Sema Kapteni Majid, utamwona anacheka mwenyewe. Ndiye yuleyule wa Captain Tsubasa, anayekimbia na mpira uwanja usiokwisha, anapiga shuti sehemu moja na mpira unafika golini sehemu inayofuata. Wahispania kwao ni Oliver.

Mimi namuunga mkono mwanzisha uzi. Tsubasa maana yake bawa, Majid ni mtukufu, hayakutani popote. Lakini hadithi ni mpira. Hakuna hata goli moja lililokataliwa kwa sababu ya jina.

wa_south_b

Niaje wadau. Dragon Ball ndiyo inamaliza hii kesi. Saiyan, lile kabila la wapiganaji, ni "yasai" iliyopinduliwa, yaani mboga. Halafu kila Saiyan ni mboga. Kakarot, wewe Mswahili hapo unahitaji mtafsiri kweli? Karoti! Raditz ni figili, Nappa ni kabeji ya Kichina, Vegeta anajieleza. Frieza ni friza, na kaka yake ni Cooler, familia nzima ya majokofu. Bulma katokana na bukta ya michezo ya wasichana wa shule, mwanawe Trunks naye nguo hizohizo. Sisi tunayadaka haraka kuliko Mwingereza mwenyewe kwa sababu Mjapani akikopa neno la Kizungu analiwekea irabu mwishoni kama sisi, friza na karoti zote tumezikuta njiani.

Sasa Marekani karibu yote haya hawakuyagusa. Wakagusa moja: Mr. Satan, yule bingwa wa uongo mwenye masharubu. Kwa kuogopa wazazi, kwenye televisheni wakamwita Hercule. Vizuri. Bintiye anaitwa Videl. Hebu zipange upya hizo herufi kwa Kiingereza. Devil! Baba Shetani, binti Ibilisi. Walimbatiza baba wakamsahau binti, na utani wake ukabaki yatima.

msoma_kanji

wa_south_b umenifurahisha na Videl.

Otaku wa Tandika, nakubali kwamba wengi walisukumwa na woga na biashara. Ila sababu ya kubadili ni kitu kimoja, na jina lililopatikana ni kitu kingine. Mtu anaweza kubadili kwa woga akaangukia jina zuri, mwingine akaliacha jina kwa heshima zote na bado mtazamaji asipate kitu. Huo mfano wa pili ndio unaoniuma zaidi, nao ni Spirited Away, filamu ya Miyazaki ya 2001.

Msichana anaitwa Ogino Chihiro. Jina Chihiro linaandikwa kwa kanji mbili, yaani herufi zenye maana kila moja. Ya kwanza ni elfu. Ya pili ni kipimo cha kale cha urefu, mikono miwili ikinyooshwa, karibu mita 1.8. Watu wa pwani mnakijua, ni pima, kile wavuvi wanachopimia kina cha maji. Kwa hiyo msichana anaitwa Pima Elfu, kina kisicho na mwisho. Anakwenda kuomba kazi kwa Yubaba, mchawi mwenye hamamu, anaandika jina lake kwenye mkataba. Yubaba anapitisha mkono juu ya karatasi, herufi zinanyanyuka kama wadudu, zinaruka kuingia kiganjani mwake. Inabaki moja tu: ile ya elfu. Na kanji ya elfu ikikaa peke yake haisomwi "chi", inasomwa "sen". Ndipo anaambiwa, kuanzia leo wewe ni Sen.

Yaani Yubaba hakumpa jina jipya. Kamnyang'anya pima, kamwachia elfu, na hiyo elfu iliyobaki imebadilika hata sauti. Mtoto akilitazama jina lake jipya analiona ni kipande cha lile la zamani, ila akilisikia halitambui. Ndiyo maana nusura alisahau. Dabu ya Kiingereza haikubadili chochote, Chihiro ni Chihiro, Sen ni Sen. Lakini asiyesoma kanji anaona mchawi kamwita mtoto jina jingine, basi. Hata ukimwekea maelezo chini ya skrini, tukio limeshapita.

Hapo ungefanyaje? Mimi sina jibu la dabu. Nina jibu la kitabu tu.

(Na kwa wanaouliza: "baba" ya Yubaba kwa Kijapani ni ajuza, na "yu" ni maji ya moto. Bi Kizee wa Hamamu. Mzee wa tanuri, Kamaji, ni hivyohivyo, Mzee wa Tanuri. Miyazaki hakujisumbua.)

bukavu_manga, Bunny ni jina bora kuliko Serena, sina la kuongeza. Ila hata wao kwa mtoto, Chibiusa, ilibidi wajipange upya.

dada_mwanakombo

Jamani mbona hamumtaji Conan? Detective Conan ilivyodabiwa Marekani mwaka 2004 Kudō Shin'ichi akawa Jimmy Kudo, Mōri Ran akawa Rachel Moore. Lakini Edogawa Conan hawakumgusa, na hawakuwa na ujanja. Shin'ichi kageuka mtoto, Ran anamuuliza jina, kijana kabanwa amegemea rafu ya vitabu, anatunga jina kwa alichokiona mgongoni: Conan kutoka kwa Arthur Conan Doyle, Edogawa kutoka kwa Edogawa Ranpo, mwandishi wa hadithi za upelelezi wa Kijapani. Na Edogawa Ranpo mwenyewe ni Edgar Allan Poe akitamkwa kwa kinywa cha Kijapani! Jina la kujificha lililotokana na jina la kujificha. Matokeo yake kwenye Kiingereza mtoto Conan Edogawa analelewa kwa akina Moore, binti Rachel, na vibao vya dukani nje vyote vya Kijapani. Wenye nyumba wamekuwa Wazungu, mgeni ndiye Mjapani.

tafsiri_usiku

Mimi natengeneza sabutaito, maandishi ya tafsiri chini ya skrini, kwa kujifurahisha, hivyo naongea kama mtu wa jikoni. Watu wanadhani ukiacha jina kama lilivyo umemaliza. Bado.

Kwanza mpangilio. Mkuu umesema Viz wamemrudisha Usagi. Wamelirudisha neno, mpangilio hawakuurudisha, maana kwa Kiingereza anajitambulisha Usagi Tsukino. Ukishageuza, "tsuki no usagi" haipo tena, imekuwa sungura halafu mwezi. Serikali ya Japani yenyewe kuanzia Januari 2020 inaandika majina ya watu wake kwa Kiingereza ukoo kwanza kwenye nyaraka rasmi. Kwenye anime kila mtu anafanya lake.

Pili, vile vikia vya nyuma: san, kun, chan, sama. Msikilize Sakura kwenye Naruto. Kila akimwita Sasuke ni "Sasuke-kun", sauti imelainika. Akimgeukia Naruto ni "Naruto", kavu, bila kikia. Watoto watatu wa timu moja, na kwa kuitana tu ushajua nani kampenda nani. Sabutaito nyingi na dabu ya Kiingereza zinaandika Sasuke, Naruto, wote sawa. Jina halikubadilishwa hata herufi, na maana imemwagika. Sisi wa Kiswahili tusingepata tabu hapo. Binti anayemwita mmoja "kaka Sasuke" na mwingine "we Naruto" ameshasema yote.

Halafu kuna lile tukio la anime za mapenzi, mvulana baada ya sehemu kumi anamwita msichana kwa jina lake la kwanza badala ya la ukoo, msichana anawiva mashavu, muziki unapanda. Mtafsiri alikuwa anaandika jina la kwanza tangu sehemu ya kwanza kwa sababu kwa Kiingereza ndivyo vijana wanavyoitana. Akifika hapo anakwama. Mtazamaji anashangaa, mbona analia, si ndivyo anavyomwita kila siku?

Tatu, Death Note. Daftari linaua ukiandika jina la mtu huku sura yake unaijua. Light, kijana mwenye daftari hilo, anakutana na Misora Naomi, mwanamke anayekaribia kumfichua, naye kwa tahadhari anampa jina la uongo. Light anaandika, anasubiri, mama wa watu anaendelea kutembea. Kwa Mjapani lile tukio lina woga wa ziada, maana hata jina la kweli ukilisikia tu halikusaidii, linaweza kuandikwa kwa kanji za namna nyingi. Mwenyewe Light jina lake linaandikwa kwa kanji ya mwezi, na hakuna ambaye angekisia kwamba linasomwa Light. Kwa Kiingereza ukisikia jina umeshajua kuliandika, na daftari linaonekana silaha rahisi kuliko lilivyo.

Jiwe la Chumvi

Mmezunguka dunia nzima, Kiswahili chenu mmekisahau. Mwaka 1965 mchora katuni Tezuka Osamu alitoa anime ya mwanasimba mweupe wa Afrika. Kwa Kijapani anaitwa Leo. Marekani hawakumtaka Leo. Walioandaa toleo la Kiingereza wakavutiwa na neno letu, Simba, wakaona neno la kawaida la lugha ya watu ni gumu kulimiliki kibiashara. Wakafanya nini? Wakabadili herufi ya kwanza. S ikatoka, ikaingia K.

Kimba.

Wazee wa Kiswahili fungueni kamusi herufi K mjionee. Mimi sisemi, humu kuna watoto.

Otaku wa Tandika

Nimefungua. Hahahaha. Mfalme wa msitu jamani!!

dada_mwanakombo

Astaghfirullah. Na baba yake aliitwaje?

Jiwe la Chumvi

Kwa Kijapani Panja. Kwa Kiingereza Caesar. Yaani baba Kaisari wa Roma, mtoto ndiyo hiyo.

msoma_kanji

Huu ndio mfano niliokuwa nautafuta siku zote na sikuufikiria. Mtu anatunga jina kwa lugha asiyoijua, hana wa kumuuliza, na linaruka hewani hivyo hivyo miaka na miaka. Jirani yeyote wa Mombasa au Tanga angewaambia bure.

wa_south_b

Sasa tuache kuwacheka. Siku moja mtu atakaa chini aidabu Pokémon kwa Kiswahili. Wale wezi wawili mtawaitaje? Musashi na Kojirō mtoto wa Kisumu hawajui, Jesse James naye hamjui.

tafsiri_usiku

Pikachu abaki Pikachu. Hata Wamarekani hawakumgusa. Wezi sijui.

Jiwe la Chumvi

Fumo na Liyongo.

msoma_kanji

Subiri. Unampasua katikati kama walivyompasua Jesse James? Mwanamke Fumo, mwanamume Liyongo?

Jiwe la Chumvi

Si ndivyo ulivyowasifia hapo juu? Mtu mmoja aliyewasumbua watawala, aliyefungwa akatoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Mtoto wa pwani akisikia Fumo na Liyongo anajua hao hawashikiki.

dada_mwanakombo

Nakataa kabisa. Kwanza fumo ni cheo, huwezi kumpa mwanamke mwizi. Pili, hao wawili kila siku wanapigwa, wanarushwa angani, wanapotea kama nyota. Liyongo alikuwa hashindwi na mtu, mpaka mwanawe mwenyewe aliponunuliwa akamchoma sindano ya shaba kitovuni. Unamchukua shujaa wa tenzi unamfanya kichekesho cha kuangushwa na panya wa umeme?

Jiwe la Chumvi

Na Musashi je? Inasemwa alipigana mara zaidi ya 60 bila kushindwa. Wajapani wenyewe wamempa jina lake mwanamke mwenye nywele nyekundu aliyeanza kupigwa na panya huyohuyo mwaka 1997, na hawajaandamana.

dada_mwanakombo

Hao ni Wajapani. Njoo Lamu uyaseme hayo.